Majina ya Mwambani: Bandari ya Maskati na Mapambo Yasiyo na Mwenyewe

Bandari kongwe ya Maskati ni ndogo kuliko sifa zake. Ni ghuba iliyobanwa na majabali makavu, mdomo wake umeelekea kaskazini, na ngome mbili zilizojengwa na Wareno katika miaka ya 1580, Mirani upande wa magharibi na Jalali upande wa mashariki, zinaitazama kila merikebu inayoingia. Baina ya ngome hizo ndipo lilipo kasri la Al Alam. Anayesimama ufukweni akainua macho huona kwenye mawe jambo asilolitarajia: maandishi. Ni herufi kubwa za Kilatini, nyingi zikiwa za chokaa au rangi nyeupe, zilizopakwa kwenye nyuso za majabali mahali ambapo hata mbuzi angepata taabu kusimama. Si aya, si ubeti wa shairi, wala si tangazo la biashara. Ni majina ya meli.

Majina hayo yalipakwa na mabaharia wa meli zilizotia nanga Maskati kwa muda wa vizazi kadhaa, na sehemu kubwa yao walikuwa wa jeshi la majini la Uingereza. Kazi yenyewe haikuwa nyepesi. Ilihitaji mashua ndogo, kamba, ndoo ya rangi, na kijana asiyeogopa kuning'inia juu ya maji chini ya jua la Maskati, ambalo wageni wa zama zote wamelilalamikia. Iliyopatikana baada ya jasho hilo ni kumbukumbu ya ajabu kidogo. Jina la chombo lilibaki wazi kwa kila mtu kulisoma, lakini aliyelipaka hakuacha lake. Wala hapakuwa na amri ya dola iliyomtuma. Ulikuwa mchezo wa mapumziko, shamrashamra za watu waliofika bandarini baada ya siku nyingi za bahari, ukageuka desturi, na desturi ikageuka pambo la mji ambao wenyeji wake hawakuwa wameliomba.

Kisa kinachosimuliwa zaidi kuhusu mawe hayo kinamhusu Horatio Nelson. Mwaka 1775 Nelson, akiwa bado kijana wa miaka 16, alikuwa katika manowari Seahorse iliyosafiri kutoka Bombay kwenda Ghuba ya Uajemi. Wasimulizi wakaunganisha safari hiyo na majabali ya Maskati, wakamtia mkononi brashi ya rangi. Kisa hiki ni cha masimulizi, na thamani yake haiko katika ukweli wa brashi hiyo. Kinaonyesha jinsi watu wasivyoridhika na pambo lisilo na mwenyewe. Mwamba uliojaa kazi ya mabaharia wasiojulikana ulitafutiwa baharia mmoja maarufu, kana kwamba bila yeye maandishi yale yasingekuwa na maana.

Msomaji wa Kiswahili ana sababu ya kulitazama jambo hili kwa jicho lake mwenyewe, kwa sababu pwani ya Afrika Mashariki nayo ina daftari la namna hii, ila limeandikwa kinyume. Katika magofu ya Kilwa, Songo Mnara na Gedi kumepatikana picha za vyombo vya baharini zilizochorwa kwa ncha kali juu ya plasta ya kuta. Peter na Margaret Garlake walichapisha uchunguzi wao juu ya michoro hiyo mwaka 1964. Humo mna vyombo vyenye matanga, milingoti na kamba, vingine vikiwa vimechorwa kwa uangalifu wa mtu aliyekijua chombo vizuri, vingine kwa haraka ya mkono wa kupita. Michoro hiyo imo ndani ya majumba na misikiti, mahali pa faragha na pa ibada, ambapo mtu wa leo hangetarajia kukuta jahazi ukutani. Nayo pia haina mwenyewe. Tofauti ni kwamba kule Maskati kuna majina bila picha, na huku pwani kuna picha bila majina. Mabaharia wa manowari walitaka chombo chao kitambulike kwa aliye mbali. Aliyechora jahazi kwenye plasta ya Kilwa hakuhitaji kulitaja jina, kwa kuwa waliomo nyumbani walijua ni chombo gani, au hawakuwa na haja ya kujua zaidi ya kwamba ni chombo.

Mombasa ni kituo cha kati baina ya desturi hizi mbili. Ngome ya Yesu, iliyojengwa na Wareno kuanzia mwaka 1593, ina michoro ya ukutani iliyoachwa na watu wa ngome hiyo: meli, watu, samaki na majengo yenye misalaba. Askari aliyekuwa mbali na kwao alichora kile alichokikumbuka na kile alichokingoja. Mwaka 1698, baada ya kuzingirwa kwa zaidi ya miaka miwili, ngome hiyo iliangukia mikononi mwa Waomani, ambao walikuwa wameshawafukuza Wareno kutoka Maskati yenyewe mwaka 1650. Kwa hiyo Jalali, Mirani na Ngome ya Yesu ni ndugu: wajenzi wao ni wamoja, na waliowarithi ni wamoja. Hata lugha inashuhudia undugu huo. Neno gereza, linalotokana na neno la Kireno la kanisa, lilikuja kumaanisha ngome na kisha kifungo, na historia ikalifuata neno kwa utiifu. Ngome ya Yesu iligeuzwa jela ya serikali ya Waingereza kuanzia mwaka 1895, na Jalali ikawa jela iliyoogopwa ya Maskati hadi miaka ya 1970. Waliokuwa wamefungwa ndani ya Jalali walikuwa jirani kabisa na majina ya meli. Wageni walijiandika huru juu ya mwamba, na wenyeji waliozuiliwa chini yake hawakuandikwa popote.

Hapo ndipo swali la mapambo linapokuwa swali la mamlaka. Nani ana ruhusa ya kuandika juu ya mwamba wa mwenzake? Katika karne ya 19 jibu halikuwa la upande mmoja. Mkataba wa mwaka 1798 baina ya Sultan bin Ahmad na Kampuni ya Uingereza ya Mashariki ya India ulikuwa makubaliano ya watu waliohitajiana. Mwanawe, Seyyid Said bin Sultan, alikuwa na merikebu zake mwenyewe, na akazitumia majina kwa ufundi wa mwanadiplomasia. Merikebu yake kubwa ya mizinga 74, iliyojengwa Bombay, iliitwa Liverpool. Mwaka 1836 aliitoa zawadi kwa Mfalme William wa Nne, nao Waingereza wakaibadilisha jina, wakaiita Imaum kwa heshima yake. Mwaka 1840 merikebu yake Sultana ilitia nanga New York chini ya Ahmad bin Naaman. Na Seyyid Said mwenyewe alifariki mwaka 1856 akiwa baharini, safarini kutoka Maskati kwenda Unguja, ndani ya merikebu iliyobeba jina la Malkia Victoria. Katika zama hizo majina yalivuka bahari kwenda na kurudi. Jina la Kiingereza kwenye merikebu ya Sultani na jina la Imamu kwenye manowari ya Kiingereza vilikuwa salamu za watu wanaotazamana usoni.

Baada ya kifo chake salamu hizo zikaanza kuwa za upande mmoja. Mwaka 1861 uamuzi wa Gavana Mkuu wa India, Lord Canning, ulizitenga rasmi Maskati na Zanzibar kuwa dola mbili, na Zanzibar ikatakiwa kuilipa Maskati riale 40,000 kila mwaka. Mwaka 1891 Sultani wa Maskati, Faisal bin Turki, aliahidi kutoitoa ardhi yake kwa dola yoyote isipokuwa Uingereza. Zilipofika siku za mwisho za karne hiyo, manowari zilizokuwa zikiacha majina kwenye mawe zilikuwa na uwezo wa kuacha alama nyingine.

Zanzibar iliziona alama hizo kwanza. Seyyid Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, alikuwa amejenga mbele ya Beit al-Ajaib mnara mrefu wa kuongozea meli, uliozungukwa na safu juu ya safu za taa. Maofisa wa manowari za Kiingereza waliuita mti wa Krismasi wa Sultani. Utani huo unastahili kutazamwa vizuri. Mnara wa mfalme wa Kiislamu, uliowekwa ili vyombo vipate njia usiku, ulionekana machoni mwa wageni kuwa pambo la sikukuu yao wenyewe, lililopotea njia likaangukia Unguja. Kama majina ya Maskati, na utani huu nao hauna mwenyewe anayejulikana. Aliyeutamka kwanza alifanya kwa maneno kile wenzake walichofanya kwa rangi: aliuweka mji wa watu ndani ya kalenda yake. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza zilifyatua mizinga kwenye makasri ya Unguja kwa muda usiotimia saa nzima, ili kumng'oa Khalid bin Barghash aliyekuwa amejitwalia kiti. Mnara wa taa uliharibiwa. Glasgow, meli ya Sultani iliyoundwa Uingereza kwa amri ya Barghash, ilizama mbele ya mji, na milingoti yake ikabaki imechomoza juu ya maji kwa miaka mingi. Watoto wa Forodhani walikua wakiitazama. Hilo nalo lilikuwa jina la meli lililoachwa bandarini, ila safari hii liliandikwa kwa mlingoti wa chombo kilichokufa.

Miaka 3 baadaye ikawa zamu ya Maskati. Sultani Faisal alikuwa amewapa Wafaransa ruhusa ya kuweka bohari ya makaa ya mawe Bandar Jissah, karibu na mji. Februari 1899 Admirali Douglas alifika na manowari Eclipse, akamtaka Sultani aje chomboni, na akamfahamisha kwamba kasri lake lingepigwa mizinga ikiwa ruhusa ile haitafutwa hadharani. Ikafutwa. Msomaji anayejua kisa hicho hawezi tena kuyatazama majina ya mwambani kama mchezo mtupu wa vijana. Mabaharia waliopaka rangi pengine hawakukusudia jeuri yoyote. Lakini mji uliojua mizinga ya vyombo vile uliyasoma majina yake kila asubuhi.

Katika mazingira hayo kauli ya Sultani Said bin Taimur, aliyetawala kuanzia mwaka 1932 hadi 1970, ina uzito kuliko inavyodhaniwa. Inasimuliwa kwamba aliyaita majina yale daftari lake la wageni. Wengi huirudia kauli hiyo kwa tabasamu, na kweli ina ucheshi. Lakini ndani yake kuna sheria ya kale ya ugeni. Daftari la wageni huwekwa na mwenye nyumba. Anayetia jina lake humo amekiri kwamba amepokewa, na kwamba ataondoka. Kwa neno moja Sultani alibadilisha hesabu: maandishi yaliyoonekana kama alama ya umiliki yakawa saini ya mpita njia. Mtawala asiye na nguvu ya kuyafuta alipata nguvu ya kuyapa jina.

Hata hivyo mwenye nyumba huyohuyo hakuwa mkarimu hivyo kwa wenyeji wake. Chini ya utawala wake malango ya Maskati yalifungwa saa 3 baada ya jua kutua, kwa ishara ya mzinga. Aliyetembea ndani ya mji baada ya hapo alilazimika kubeba kandili ili uso wake uonekane na walinzi. Tofauti hiyo inasema mengi. Baharia mgeni aliweza kuacha alama mchana kweupe juu ya jabali bila kuulizwa jina lake, na mkazi wa Maskati hakuweza kwenda kumjulia hali jirani yake usiku bila kujimulika. Kutojulikana ni fadhila kwa mmoja na kosa kwa mwingine, kutegemea nani anashika lango.

Mwaka 1970 Qaboos bin Said alichukua utawala kutoka kwa baba yake, na taa zikabadilika maana. Mnamo Desemba mwaka huo bendera nyekundu isiyo na alama, iliyokuwa imepeperushwa Maskati na Zanzibar vilevile, iliachwa, ikaja ya nyekundu, nyeupe na kijani yenye nembo ya jambia. Unguja bendera ile ya zamani ilikuwa imeshateremshwa: uhuru wa Desemba 1963 ulileta bendera yenye karafuu, na Mapinduzi ya Januari 1964 yakaiondoa na hiyo. Tarehe 18 Novemba, siku ya kuzaliwa kwa Sultani Qaboos, ikawa sikukuu ya taifa. Kila mwaka barabara, madaraja na majengo ya Maskati yalivishwa taa za rangi za bendera, na mji ambao zamani ulimulika uso wa mtu mmoja mmoja ukamulikwa wote kwa pamoja. Wananchi nao walipamba magari yao kwa bendera na picha za mtawala, mpaka polisi wakawa wanatangaza siku ambazo mapambo hayo yanaruhusiwa, kwa masharti kwamba yasifunike vioo wala namba za gari. Pambo la hiari likapata kanuni zake. Pale Sultani aliporudi kutoka matibabu Ujerumani mnamo Machi 2015, watu walimiminika barabarani na bendera na picha zake ingawa kalenda haikuwa na sikukuu siku hiyo. Qaboos alifariki Januari 2020, na mwaka 2025 mrithi wake, Sultani Haitham bin Tarik, aliihamishia sikukuu ya taifa kwenye tarehe 20 Novemba, kukumbuka kuanza kwa dola ya Al Busaid mwaka 1744. Taa zikaacha kuhesabu umri wa mtu, zikahesabu umri wa nasaba.

Wapo wanaozitazama taa hizo huku wakiwa na taa nyingine akilini. Baada ya mwaka 1970 Sultani Qaboos aliwaita Waomani waliokuwa ng'ambo warejee, na miongoni mwa walioitikia walikuwa maelfu wenye asili ya Unguja, Pemba, Mombasa na bara, wengi wao wakiwa wameondoka baada ya Mapinduzi. Walikuja na elimu, wakaingia maofisini na mashuleni, wakaja pia na Kiswahili, ambacho hadi leo husikika katika nyumba na masoko ya Maskati. Kwao bandari ile si ngeni, ingawa katika daftari lake la mwambani vyombo vyao havimo. Majahazi yaliyokuja na kaskazi na kurudi na kusi, mwaka baada ya mwaka, kwa karne ambazo Seahorse ilikuwa bado haijaundwa, hayakupaka majina yao juu ya mawe. Hayakuwa wageni wa kutia saini.

Alama yao iko mahali pengine. Iko kwenye dari za nyumba kongwe za Oman na Ghuba, ambako boriti za mikoko kutoka Lamu na delta ya Rufiji zilibeba paa, na urefu wa boriti, kama mita 3 hivi, ukaamua upana wa chumba. Mkata mikoko wa Rufiji hakujua chumba gani kingejengwa kwa kipimo cha mti wake, na aliyelala chini ya dari hiyo hakumjua aliyeukata. Alama iko pia katika lugha. Manowari ni jina la Kiingereza la chombo cha vita lililolainishwa na ulimi wa pwani, meli ni mzigo wa barua za Waingereza uliogeuka chombo chenyewe, na bendera ni ya Wareno. Mswahili hakupanda jabali kuandika jina la mgeni. Alilichukua akaliweka kinywani, akalipa ngeli na kulitumikisha. Hilo ni daftari la wageni linalozidi lile la Said bin Taimur kwa jambo moja: aliyetia saini humo hakuweza tena kuondoka.

Leo bandari ya biashara haiko pale. Mwaka 1974 ilifunguliwa bandari mpya Matrah, na mwaka 2014 shughuli za mizigo zikahamishiwa Suhar. Ghuba ya zamani imebaki kimya mbele ya kasri, na jumba la Makumbusho ya Taifa, lililofunguliwa mwaka 2016, liko umbali mfupi kwa miguu. Ndani ya makumbusho kila kitu kina kibao chenye jina, tarehe na asili. Nje, majina ya mwambani yanafifia kwa chumvi na jua bila kibao. Ikifika Novemba, mafundi, wengi wao wahamiaji kutoka Bara Hindi, hupanda nguzo za barabara kutundika taa za sikukuu isiyo yao, na baada ya siku chache huziteremsha. Mwanahistoria atakayeandika habari za mapambo ya Maskati atakuta kila mara jina la meli, jina la Sultani, na tarehe ya sikukuu. Mikono itamlazimu aitafute kwingine: kwenye kamba iliyofungwa jabalini, kwenye plasta ya Kilwa, kwenye boriti ya mkoko, na juu ya ngazi iliyoegemezwa kwenye nguzo ya taa.